Spika za Ziwani, Spika za Mlimani

Jumanne, 3 Juni 2003

Kazi imepatikana! Hamissi, yule mwenye duka la mawese karibu na soko, ameletewa mtambo kutoka Dubai kupitia Kigoma. Home cinéma. Mashine moja ya DVD na spika sita: mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya kati, na kasha kubwa la besi linalokaa sakafuni. Sauti inakuzunguka, anasema, unakuwa kama uko ndani ya filamu. Na filamu alizonazo zote ni za vita. Mtu analala na viatu kando ya mlango, tayari kukimbia risasi, kama sisi wote hapa Rumonge, halafu anataka kuwa ndani ya filamu ya vita. Haya. Si kazi yangu kumcheka. Kazi yangu ni waya.

Tumepatana hivi: nikiuweka mtambo vizuri, ananipa kile chumba kidogo cha barabarani, ubavuni mwa duka. Mlango, dirisha, meza. Tangu bomu la Novemba libomoe ukuta wa karakana yangu, natengeneza redio za watu juu ya kitanda changu mwenyewe. Nikipata chumba kile nitatuma habari Minago, kwa mke wangu. Kabibi yuko huko kwa dada yake Aziza tangu Februari, na mtoto wetu Merveille. Labda atarudi akisikia kuna mlango wa kurudia. Labda.

Habari ya sikio sikumwambia Hamissi. Nani angemwambia? Fundi wa redio kiziwi wa sikio moja — afadhali nikauze ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Daftari hili ni la michoro ya kazi. Nimeligeuza, naandika kutoka nyuma. Mtu akilifungua mbele ataona waya na namba tu.

Alhamisi, 5 Juni 2003

Nimepitisha waya kutwa nzima. Hamissi alitaka televisheni ikae kwenye ukuta wa upande wa Bujumbura, kanape, lile kochi refu, itazame huko. Sawa. Kila waya nimeufunga kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu: ZIWA MBELE, MLIMA MBELE, ZIWA NYUMA, MLIMA NYUMA. Kushoto na kulia ni maneno ya shule. Hapa hata mtoto wa miaka mitatu, umwamshe usingizini, anajua ziwa liko wapi na mlima uko wapi. Lazima ajue. Milio ikitoka mlimani unakimbilia ziwani, ikitoka ziwani unapanda kwenye michikichi. Hakuna anayekimbia kwa kushoto na kulia.

Mwishoni nikawasha sauti ya kujaribia. Mashine yenyewe inaitoa, kama ndagala zinazokaangwa, kwenye spika moja, kisha nyingine, mpaka izunguke chumba chote. Fundi anatakiwa akae katikati ya kanape, afumbe macho na kusikiliza: sasa kushoto, sasa kati, sasa kulia, sasa nyuma. Nimekaa. Nimefumba macho. Kulia. Kulia. Kulia. Kulia. Kulia. Tangu Novemba dunia nzima imehamia kulia kwangu.

Basi nikazunguka nikiweka kiganja kwenye kila spika. Ikitetemeka, inafanya kazi. Zote zilitetemeka. Nimejisifu kidogo.

Jambo moja limenikera. Hadjara, mke wa Hamissi, aliingia na chai. Alinisalimia, nadhani, maana nilipogeuka nilimkuta ameshika sinia ananitazama. Nikasema nilikuwa nahesabu mita. Mwanamke huyu anatazama sana.

Ijumaa, 6 Juni 2003

Hamissi amebadilisha mawazo. Ukuta ule una dirisha la barabarani, wanajeshi wanaopita watauona mwanga wa televisheni. Na wakiuona watataka kuingia, na wakiingia watarudi tena. Kwa hiyo televisheni imehamia ukuta wa pili, upande wa Nyanza-Lac, na kanape imegeuzwa. Wenye vitu wana shida zao.

Nimehamisha spika kwa nusu saa tu. Za mbele nimezipeleka mbele mpya, za nyuma nyuma mpya. Za ziwa zimebaki upande wa ziwa, za mlima upande wa mlima. Kwenye mashine sikugusa kitu, plasta zangu zinasema kila kitu. Kiganja tena — zote zinatetemeka. Jumapili mchana ataalika watu. Chumba changu kinanukia!

Jumapili, 8 Juni 2003

Aibu.

Walikuja kumi na wawili baada ya swala ya adhuhuri. Wenye maduka, mwalimu mmoja, na mkubwa mmoja wa kambi na bastola yake kiunoni. Hamissi alinikalisha karibu na mashine kama mwali wa harusi. Akasema kwa watu: fundi wetu, mtu wa Bukavu, amesomea. Nikachekacheka.

Filamu ikaanza. Kasha la besi lilipiga mpaka vikombe vikalia kabatini, watu wakafurahi. Halafu kwenye televisheni likaja lori. Likapita kutoka huku kwenda kule. Nikaona vichwa vinageuka, vyote pamoja, upande ambao lori halikuenda. Sikuelewa. Mimi nililisikia kulia, kama kawaida yangu. Kisha mzungu mmoja wa kwenye filamu akafyatua bunduki, amejificha pembeni kabisa mwa kioo, upande wa mlima. Na watu wote kumi na wawili wakainama kukimbia ziwa! Nusu ya chumba chini, chai imemwagika, mwalimu yuko nyuma ya kanape. Mimi peke yangu nimekaa wima natabasamu.

Kisha kicheko, kile kicheko cha watu walioona haya.

Mkubwa wa kambi ndiye aliyesema, akijifuta suruali: "Muzungu anapigia ku mlima, risasi inatokea ku ziwa. Huyu fundi, mukimufuata mu vita mutakufa wote."

Wakacheka tena. Hamissi hakucheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Jumatatu, 9 Juni 2003

Kosa nimeliona asubuhi, kwenye mchoro. Niligeuza karatasi tu, likanitokea. Ukitazama Bujumbura, ziwa liko kushoto. Ukitazama Nyanza-Lac, ziwa liko kulia. Mashine haijui ziwa, inajua kushoto na kulia. Nilipogeuza chumba bila kugeuza waya, sauti ya kushoto yote ikaenda kulia. Mwenye masikio mawili angegundua kabla lori halijavuka kioo. Mimi niliamini plasta.

Hamissi ametuma mtu. Ananipa mpaka Ijumaa. La sivyo ataleta fundi kutoka Bujumbura, na chumba atampa kinyozi.

Mukimufuata mu vita mutakufa wote. Sijalala kwa neno hilo. Mkubwa yule hanijui, alitania. Lakini mama mkwe wangu alinifuata, na yuko kaburini.

Sijawahi kuliandika. Naliandika leo, basi.

Januari, saa nne asubuhi. Nimesimama barabarani mbele ya nyumba yetu, uso upande wa Nyanza-Lac, Merveille mgongoni. Milio ikaanza. Karibu sana. Kila mtu anachungulia apate kujua, na mimi nilisikia waziwazi, kulia, ziwani! Nikapiga kelele: mlimani, twendeni kwenye michikichi! Kabibi akasema hapana, akanishika shati, akasema si huko. Sikumsikiliza. Nilimvuta. Tukapita karibu na karakana, nikanyakua mfuko wangu wa vyombo kwa sababu ulikuwa pale mlangoni, ndiyo, niliunyakua. Mama yake anatufuata, kamba ya kiatu imekatika. Tukaenda moja kwa moja kwenye risasi. Sisi watatu tulilala mtaroni. Mama hakuwahi.

Kabibi anaamini niliwapeleka huko kwa ajili ya mfuko. Alisema mbele ya wazee wa kanisa: umemupitisha mama yangu mu risasi ju ya mufuko ya vyuma. Sikujibu. Wote waliona kunyamaza kwangu ni kukiri. Dada yake Aziza alitema mate.

Na mimi nilinyamaza kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya zaidi. Bomu la Novemba liliniulia sikio la kushoto. Nilimwambia Kabibi, nikamwambia kila mtu, kwamba ule mlio wa masikioni umekwisha baada ya wiki moja. Niliogopa kupoteza kazi. Basi miezi miwili nilitembea na familia yangu katika mji huu nikijua kwamba sijui sauti inatoka wapi. Na siku ile sikusema sijui. Nilisema ziwani, kwa sauti kubwa, kama mwanaume.

Tamaa ya mfuko wa vyombo watu wanaielewa. Hii nyingine nani ataielewa?

Jumatano, 11 Juni 2003

Nimekwenda kubadilisha waya. Dakika mbili: wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. Nimetoa plasta zote, nimezitupa. Lakini kazi bado. Lazima kila spika ilingane nguvu na nyingine, usikilize ukiwa kwenye kanape, upunguze hii, uongeze ile. Kiganja hakiwezi hilo. Nimekaa na ile telekomandi nusu saa, nabonyeza vitufe kama mpumbavu.

Hamissi alikuwa kwenye mashine ya kukamua mawese. Hadjara akaingia, akaniambia nitazame ukuta. Nilidhani kuna waya amekuta umelegea. Nikatazama. Nyuma yangu akapiga makofi mawili.

"Niko wapi, fundi?"

Nikasema mlangoni, kulia. Nikageuka. Alikuwa dirishani, upande wa pili kabisa.

Hakucheka. Alisema ameliona tangu siku ile ya chai, na kwamba mume wake hajui, wala hataambiwa naye. Nikamshukuru. Murakoze, mama, murakoze sana. Akaninyamazisha kwa mkono. Akauliza: "Mama Merveille anajua?"

Nikasema hapana.

"Ile siku ya Januari, ilikuwa ju ya sikio?"

Nilianza kukunja waya usiohitaji kukunjwa. Akasema kila Alhamisi Kabibi anamletea ndagala kutoka Minago. Sikulijua hilo! Kila wiki mke wangu anapita mita mia mbili kutoka kitandani kwangu, na samaki kichwani. Hadjara akasema fundi anahitaji mtu wa kumsikilizia, na kesho atakuwapo mtu mwenye masikio mawili. Akasema tena kwamba hatamwambia kitu. Hiyo ni kazi yangu.

Nimemchukia mwanamke huyu jioni nzima. Kisha nimefua shati langu jeupe.

Alhamisi, 12 Juni 2003

Niandike kwa mpangilio.

Kabibi alifika saa tatu na nusu, kwa basi dogo linalokwenda Nyanza-Lac. Aliponiona sebuleni alisimama na beseni kichwani. Amekonda. Kitenge kile cha mama yake. Nilimsalimia, amahoro. Alimjibu Hadjara, si mimi. Hadjara akampokea beseni na kusema, kama jambo dogo tu: "Mama Merveille, ikaa hapo katikati kidogo. Fundi anatafuta mutu wa kusikiliza, mie nina watoto kule nyuma." Akatoka, akatuacha.

Alikaa ukingoni mwa kanape kama mtu anayengoja zamu ya daktari. Mimi nilikuwa chini mbele ya mashine, mgongo kwake. Nikawasha.

"Wapi?" nikauliza.

"Mbele. Ku mlima."

"Sasa?"

"Kati."

"Sasa?"

"Mbele, ku ziwa. Sasa nyuma, ku ziwa. Hii inapiga kelele sana, punguza."

Nikapunguza. Akasema kidogo tena. Akasema basi. Nyuma ya mlima ni dhaifu, ongeza. Nikaongeza. Tulizungusha mara tatu, mara nne, na kila mara anasema, nafuata. Nakiri nilifurahi. Miezi minne na zaidi sijasikia sauti yake, na sasa inaniongoza kona kwa kona. Nilianza kufikiria chumba kile, kitanda cha Merveille tungekiweka wapi.

Kisha akauliza: "Na weye mwenyewe hausikie?"

Nikasema nasikia, ila fundi mzuri hupata sikio la pili, ndiyo kanuni ya kazi. Uongo ulitoka kirahisi, kama mawese chupani.

Hakusema kitu. Au nilidhani hakusema kitu. Nilizima sauti ya kujaribia, nikazima na televisheni, kioo kikawa cheusi. Na humo kwenye kioo nikamwona. Amesimama nyuma yangu, ameinama, mdomo wake uko karibu kabisa na bega langu la kushoto. Midomo inatembea. Si neno moja, maneno mengi. Macho ameyafumba. Sijui aliyasema hayo kwa muda gani. Nilipogeuka alikuwa ameshamaliza.

"Umesema nini?"

Aliniangalia tu. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Sitajua kamwe alichosema. Hatakirudia, namjua.

Akauliza neno moja tu: "Tangu lini?"

Nikafungua mdomo, na milio ikaanza.

Si ya filamu. Mashine ilikuwa imezimwa, hata hivyo niliitazama, niliitazama kweli! Risasi nyingi, halafu kitu kizito, vioo vikatetemeka. Hadjara anaita watoto chumba cha nyuma. Barabarani watu wanakimbia, wengine huku, wengine kule. Na mimi nilisimama katikati ya sebule na telekomandi mkononi, na sauti yote iko kulia, kulia, kulia, na sikusogea. Januari nilichagua. Leo sikuchagua. Kabibi ndiye aliyenishika shati, pale pale aliponishika siku ile, akanivuta mpaka kwenye ukumbi mwembamba usio na dirisha. Nilimfuata kama mtoto.

Sasa ni saa sita. Mwanajeshi mmoja alipita akigonga milango, anasema kila mtu abaki ndani. Hadjara na watoto wamelala sakafuni kule mwisho. Hamissi yuko kwenye mawese, hatujui habari zake. Milio inakatika, inarudi. Mfuko wangu wa vyombo uko miguuni, daftari limo ndani yake. Nimelitoa. Kabibi anadhani nachora waya.

Nimemwuliza, kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimemwuliza mtu: inatoka wapi, ziwani au mlimani?

Amesema nijibu swali lake kwanza: tangu lini.

Naona njia mbili. Nikisema Januari, nikisema bunduki za siku ile ndizo zilizoniulia sikio, basi mimi ni mgonjwa, ni mtu wa kuhurumiwa. Nitapata chumba, nitapata mke, Merveille atalala karibu na dirisha. Ni neno moja tu, na hakuna daktari wa kunisuta. Nikisema Novemba, basi nilijua. Nilijua nilipomvuta, na alipokuwa ananiambia si huko.

Ananitazama ninavyoandika. Alikuwa amekaa kushoto kwangu, na kwa muda nilishukuru, kushoto ni kimya. Sasa ameinuka, ameruka miguu yangu, amekaa kulia, bega kwa bega, nisipate kusema sikusikia.

Ameuliza tena.

Nimemwambia angoje kidogo, namalizia mchoro.